Swali Lipi Litangulie? Historia ya Hesabu za Kwanta Katika Kuielewa Akili ya Mtu

Septemba 1997 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani maswali mawili mepesi. Je, Bill Clinton ni mwaminifu na wa kutegemewa? Je, Al Gore ni mwaminifu na wa kutegemewa? Clinton alikuwa Rais, Gore makamu wake. Wahojiwa waligawanywa mafungu mawili: moja likaanza na Clinton, jingine likaanza na Gore. Maneno ya maswali hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni zamu tu.

Clinton alipotangulia, asilimia 50 walimwona mwaminifu. Alipokuja nyuma ya Gore alipanda hadi asilimia 57. Gore naye alipotangulia alipata asilimia 68, na alipomfuata Clinton akashuka hadi 60. Kwa hiyo, ukilinganisha majibu ya swali la kwanza pekee, viongozi hawa walipishana kwa pointi 18. Ukilinganisha ya swali la pili pekee, walipishana kwa pointi 3. Basi maoni ya kweli ya Wamarekani yalikuwa yapi?

Waandaaji wa madodoso waliijua tabia hii kwa miaka mingi na waliichukulia kuwa kasoro ya kupunguzwa, aghalabu kwa kuchanganya zamu za maswali. Lakini kundi dogo la watafiti lilikuja na wazo jingine: huenda wahojiwa hawana kosa, bali kosa liko katika hesabu tunayowapimia. Hesabu ya uwezekano inayofundishwa shuleni haina mahali pa kuandika zamu. Ipo nyingine iliyo na mahali hapo, nayo ilibuniwa na wanafizikia waliokuwa wakihangaika na atomu. Namna hesabu hiyo ilivyotoka maabara ya fizikia, ikaingia idara za saikolojia, kisha ikagonga mlango wa wahandisi wa mitambo ya kutafuta taarifa, ni hadithi ya zaidi ya miaka mia moja.

Hesabu isiyojua zamu

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa kabla haujaisha. Barua hizo zinahesabiwa kuwa chimbuko la nadharia ya uwezekano. Miaka mia mbili baadaye, mwaka 1854, George Boole alichapisha kitabu kuhusu kanuni za fikra, akidai kwamba namna mtu anavyofikiri inaweza kuandikwa kwa aljebra. Tangu hapo mantiki, uwezekano na akili ya binadamu vikafungwa pamoja: anayefikiri sawasawa anafuata kanuni za hesabu, na asiyezifuata amekosea.

Mrusi Andrei Kolmogorov ndiye aliyeijenga nyumba hiyo mpaka paa, mwaka 1933. Kwake tukio lolote ni seti. "Clinton ni mwaminifu" ni seti moja, "Gore ni mwaminifu" ni ya pili, na mahali zinapokutana ndipo yanapokaa matukio yote mawili kwa pamoja. Mkutano huo ni uleule uanzie kushoto au kulia. Ndiyo maana takwimu za Gallup zilileta udhia: kwa Kolmogorov, "Clinton na Gore" na "Gore na Clinton" ni kitu kimoja. Mtakwimu akitaka kuieleza tofauti hana budi kuongeza sababu ya pembeni, kwa mfano kwamba swali la kwanza limegeuza mawazo ya mtu, kisha aipimie sababu hiyo upya kila anapofanya utafiti.

Zamu yaingia katika fizikia

Tarehe 14 Desemba 1900 Max Planck aliwaeleza wanafizikia wenzake jijini Berlin kwamba mionzi ya kitu chenye moto inaeleweka tu ikiwa nishati hutoka kwa mafungu mafungu, si kwa mtiririko usiokatika. Mwaka 1905 Albert Einstein akasema mwanga wenyewe una mafungu hayo. Kwa miaka ishirini wanafizikia waliishi na viraka vya nadharia ambavyo havikushonana.

Juni 1925 kijana wa miaka 23, Werner Heisenberg, alikimbilia kisiwa cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini kwa sababu ya homa ya chavua. Kisiwa hicho kina mimea michache, akapata nafuu na utulivu wa kufanya kazi. Alirudi na hesabu ya atomu iliyokuwa na kioja: ukizidisha vipimo viwili kwa mfuatano mmoja unapata jibu moja, ukiupindua mfuatano unapata jibu jingine. Jambo hilo lilimsumbua mwenyewe. Mwalimu wake pale Göttingen, Max Born, ndiye aliyetambua kwamba kijana alikuwa akizidisha matriki, yaani majedwali ya namba, bila kujua, na kwamba zamu ndiyo kiini cha nadharia nzima. Kupima mahali pa chembe kisha mwendo wake hakulingani na kupima mwendo kisha mahali.

Mwaka uliofuata Erwin Schrödinger aliandika mlinganyo wake wa mawimbi, na Born akaonyesha jinsi ya kupata uwezekano kutoka katika mawimbi hayo: chukua ukubwa wa wimbi, uzidishe kwa wenyewe. Kanuni hiyo, iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1954, Born aliisahihisha katika tanbihi wakati makala yake ikienda mtamboni. Matokeo yake ni makubwa. Mawimbi yanapokutana hujumlishwa kwanza, kisha ndipo jumla inapozidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo njia mbili zinaweza kuongezeana nguvu au kufutana. Elektroni ikiachiwa mianya miwili ya kupita bila mtu kuchunguza imepita wapi, huangukia mahali ambapo hesabu ya Kolmogorov haikutarajia. Ukiichunguza, mwingiliano huo hutoweka.

Bohr atazama ndani ya mtu

Mdenmark Niels Bohr alikuwa wa kwanza miongoni mwa wakuu wa fizikia hiyo kuona kwamba jambo hili linanuka saikolojia. Alilelewa katika nyumba ya wasomi. Mwanafalsafa na mwanasaikolojia Harald Høffding alikuwa rafiki wa baba yake na baadaye akawa mwalimu wake chuoni. Kitabu alichokipenda tangu ujana kilikuwa riwaya ya Poul Martin Møller kuhusu mwanafunzi anayejaribu kuzifikiria fikra zake mwenyewe, na kila anapozikamata anakuta zimekwishabadilika.

Septemba 1927, mjini Como nchini Italia, Bohr alitoa hotuba iliyoanzisha kanuni ya kukamilishana: vipo vipimo viwili ambavyo vyote vinahitajika ili kukieleza kitu, lakini haviwezi kufanyika kwa wakati mmoja. Alimalizia kwa kugusia ugumu unaofanana na huo katika namna binadamu anavyounda mawazo, pale mtazamaji na kinachotazamwa wanapokuwa mtu yuleyule. Wanahistoria bado wanabishana kama wazo hilo alilipata kwa Mmarekani William James, ambaye kitabu chake kikuu cha saikolojia kilitoka mwaka 1890, au kama walikutana tu njiani. Lililo wazi ni kwamba Bohr hakuandika mlinganyo hata mmoja wa akili. Naye mwanafizikia Wolfgang Pauli, aliyeshirikiana na mwanasaikolojia Carl Jung hadi wakatoa kitabu pamoja mwaka 1952, aliishia kwenye ndoto na ishara. Wazo walikuwa nalo, zana hawakuzishika.

Zana alikuwa amezitengeneza mtu mwingine kabisa. Mwaka 1932 John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, alichapisha kitabu kilichoipa nadharia ya kwanta msingi wake wa kihisabati. Hali ya kitu ni vekta, yaani mshale ndani ya nafasi yenye vipimo vingi iitwayo nafasi ya Hilbert. Swali la ndiyo au hapana ni mhimili, au bapa, ndani ya nafasi hiyo. Kujibu "ndiyo" ni sawa na mshale kuangusha kivuli chake juu ya mhimili wa swali. Mraba wa urefu wa kivuli ndio uwezekano wa jibu hilo, na baada ya kujibu, kivuli chenyewe ndicho kinachokuwa mshale mpya. Ukiangusha kivuli juu ya mhimili wa Clinton kisha wa Gore, hufiki mahali palepale ulipofika ulipoanza na Gore. Zamu imo ndani ya jometri yenyewe, haijabandikwa.

Mwaka 1936, pamoja na Garrett Birkhoff, von Neumann alionyesha kwamba jometri hii ina mantiki yake, na kwamba kanuni moja ya Boole, ile ya kusambaza "na" juu ya "au", haisimami humo. Mwaka 1957 Andrew Gleason akathibitisha kwamba katika nafasi yenye vipimo vitatu au zaidi hakuna njia nyingine ya kugawa uwezekano isipokuwa ile ya Born. Hakuna ukurasa wowote wa hesabu hizo unaodai kwamba mshale lazima uwe elektroni.

Nyufa katika mtu mwenye busara

Von Neumann huyohuyo, mwaka 1944, aliandika pamoja na Oskar Morgenstern kitabu cha nadharia ya michezo na tabia za kiuchumi. Humo mtu mwenye busara alipimwa kwa uwezekano wa kawaida, si wa kwanta. Mwaka 1954 Leonard Savage akaongeza kanuni iliyoonekana haina ubishi: ikiwa ungefanya jambo fulani endapo tukio litatokea, na ungelifanya vilevile endapo halitatokea, basi lifanye hata kama hujui litatokea au la.

Nyufa hazikukawia. Mfaransa Maurice Allais mwaka 1953, na Mmarekani Daniel Ellsberg mwaka 1961, walibuni kamari ndogo ambazo watu werevu walizichezea kinyume cha kanuni. Kisha wakaja Waisraeli wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman. Mwaka 1983 walisimulia kuhusu Linda, mwanamke wa kubuni mwenye umri wa miaka 31, aliyekuwa mwanaharakati enzi za masomo yake. Walipouliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, Linda kuwa karani wa benki au Linda kuwa karani wa benki na mtetezi wa haki za wanawake, zaidi ya wanane katika kila kumi walichagua la pili. Kwa hesabu ya seti hilo haliwezekani, maana kila karani mtetezi ni karani.

Jaribio lililokuja kuwa la maana zaidi katika hadithi yetu lilichapishwa na Eldar Shafir na Tversky mwaka 1992. Wanafunzi walicheza mchezo wa wafungwa wawili, ambamo kila mmoja huchagua kumsaliti mwenzake au kushirikiana naye. Walioambiwa kwamba mwenzao amesaliti walishirikiana kwa asilimia 3 tu. Walioambiwa kwamba mwenzao ameshirikiana, asilimia 16. Na waliokuwa hawajui mwenzao amefanya nini? Asilimia 37. Mwenzako ama amesaliti ama ameshirikiana, hakuna la tatu. Kwa hiyo wastani wa wasiojua ulipaswa kuangukia kati ya 3 na 16. Ukaruka nje kabisa.

Tversky na Kahneman waliyaeleza mambo haya kwa njia za mkato ambazo akili huzitumia, na mwaka 2002 Kahneman akapewa Nobel ya uchumi, Tversky akiwa amefariki mwaka 1996. Maelezo yao yalikuwa mazuri, lakini kila kioja kilikuwa na maelezo yake peke yake. Mwanafizikia akiitazama ile 37 anakumbuka jambo jingine: elektroni na mianya miwili. Njia ikijulikana, hesabu ya kawaida inatosha. Isipojulikana, kinajitokeza kiasi cha ziada ambacho jumla ya njia mbili haikielezi.

Kundi dogo lakusanyika

Jijini Brussels, Diederik Aerts alikuwa ameanzia kwenye misingi ya fizikia. Mwaka 1995 yeye na Sven Aerts walichapisha makala iliyotumia takwimu za kwanta katika utafiti wa maamuzi, wakidai kwamba mhojiwa aghalabu hana jibu lililokwisha tayari kichwani. Jibu linaundwa wakati wa kuulizwa. Baadaye Aerts aligeukia dhana na maana za maneno. Wanasaikolojia walikuwa wamegundua kwamba samaki mdogo aitwaye gapi haonekani mfano mzuri wa samaki, wala mfano mzuri wa mnyama wa kufugwa nyumbani, lakini ni mfano mzuri sana wa "samaki wa kufugwa nyumbani". Dhana mbili zikiungana huzaa kitu ambacho hakimo ndani ya yoyote kati yake, na Aerts aliona hapo hesabu ileile ya mawimbi yanayokutana.

Mjini Växjö nchini Sweden, mwanahisabati Andrei Khrennikov alijenga nadharia ya uwezekano unaotegemea mazingira ya kipimo. Harald Atmanspacher na wenzake waliunda modeli ya mchoro wa mchemraba wa Necker, ule unaogeuka machoni mwa mtazamaji, mara uso huu uko mbele, mara ule. Huko Indiana, Jerome Busemeyer, mwanasaikolojia wa maamuzi aliyekwisha jijengea jina kwa modeli za kawaida, aliungana na Zheng Wang na James Townsend mwaka 2006 kuandika kuhusu mwendo wa kwanta wa maamuzi ya binadamu. Mwaka 2009 Emmanuel Pothos na Busemeyer walionyesha modeli moja iliyofikia takwimu za mchezo wa wafungwa, zikiwemo zile ambazo modeli ya kawaida ya aina hiyohiyo haikuweza kuzifikia kwa namna yoyote.

Machi 2007 kundi hili lilifanya mkutano wake wa kwanza mkubwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, likiwaleta pamoja wanafizikia, wanasaikolojia na wataalamu wa kompyuta. Mwaka 2012 Busemeyer na Peter Bruza wa Brisbane, Australia, walitoa kitabu kinachosomwa mpaka leo kama mlango wa fani hii. Tangu mwanzo walirudia onyo moja: hatusemi kwamba ubongo ni kompyuta ya kwanta. Tunaazima hesabu, hatuazimi chembe.

Mtihani usio na pa kujificha

Kuazima hesabu ni rahisi. Ugumu ni kuonyesha kwamba inaweza kushindwa. Modeli yenye vitasa vingi vya kugeuza hufikia takwimu zozote utakazoipa, na hilo ndilo lililokuwa shutuma kubwa ya wapinzani. Wang na Busemeyer wakaenda kutafuta jambo ambalo jometri ya vivuli inalilazimisha bila kugeuza kitasa hata kimoja.

Walilipata. Chukua maswali mawili ya ndiyo na hapana. Hesabu wahojiwa wanaotofautisha, yaani wanaosema ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine. Hesabu ya kwanta inasema jumla ya watu hao lazima iwe sawa katika zamu zote mbili, hata kama zamu imevuruga kila kitu kingine. Hesabu ya kawaida haina sababu ya kudai hivyo.

Rudi kwa Clinton na Gore. Ukiwatoa wasiokuwa na jibu, walioanza na Clinton wakatofautisha walikuwa takriban asilimia 22. Walioanza na Gore wakatofautisha walikuwa pia takriban asilimia 22. Ndani ya kapu hilo mambo yalikuwa yamehama: walioanza na Clinton, asilimia 4 na kitu walimkubali yeye wakamkataa Gore, walioanza na Gore, waliofanya hivyo hawakufika asilimia 3. Lakini jumla haikutikisika. Mwaka 2014 Wang na Busemeyer, pamoja na Tyler Solloway na Richard Shiffrin, waliupima mlinganyo huo katika tafiti 70 za kitaifa za Marekani, nyingi zenye wahojiwa zaidi ya 1,000, wakakuta unasimama.

Hata pale uliposhindwa, ulishindwa kwa namna inayofundisha. Gallup iliwahi kuuliza kama Pete Rose na Shoeless Joe Jackson, wachezaji wa besiboli waliofungiwa, wastahili kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Hapo mlinganyo haukusimama. Sababu: kabla ya kila swali wahojiwa walielezwa habari za mchezaji husika. Nadharia inazungumzia zamu ya maswali peke yake, na ukipenyeza habari mpya katikati umeshabadilisha mshale kwa njia nyingine.

Mshale ndani ya mtambo wa kutafuta

Wakati wanasaikolojia wakihangaika na Linda, fani nyingine ilikuwa tayari inaishi ndani ya nafasi ya vekta. Mwaka 1945 mhandisi Mmarekani Vannevar Bush aliota mashine ya kuhifadhi na kufukua maarifa. Katika miaka ya 1960 Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha uhandisi wa ndege cha Cranfield, Uingereza, alikusanya muhtasari 1,400 wa makala za kitaalamu na maswali zaidi ya 200, akawaomba wajuzi waseme ni makala zipi zinajibu swali lipi. Mbinu hiyo ya kupima mitambo ya kutafuta ingali inatumika. Ndani yake kuna dhana moja ya kimyakimya: kwamba makala ama inafaa ama haifai, bila kujali msomaji ametoka kusoma nini.

Huko Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Gerard Salton na wenzake waliigeuza kila makala kuwa mshale, kila neno likiwa mhimili mmoja, na swali la mtafutaji likawa mshale pia. Pembe ikiwa ndogo, makala inakaribia swali. Mwaka 1977 Stephen Robertson akaweka kanuni ya kupanga matokeo kwa uwezekano wa kufaa, kubwa juu, ndogo chini, akieleza wazi kwamba kanuni hiyo inategemea kila makala kuhukumiwa peke yake. Mwaka 1988 Michael Eisenberg na Carol Barry walionyesha kwamba watu hawahukumu hivyo: wakipewa makala zilezile kwa kuanzia zinazofaa zaidi, na wengine kwa kuanzia zinazofaa kidogo, alama wanazotoa hubadilika. Ni Clinton na Gore tena, safari hii kwenye rafu ya vitabu.

Aliyeziunganisha fani hizi alikuwa Keith van Rijsbergen, Mholanzi aliyefundisha Glasgow na mwandishi wa kitabu cha miaka ya 1970 ambacho vizazi vya wanafunzi wa fani hii vimekipitia. Mwaka 1986 alipendekeza mantiki isiyo ya Boole kwa utafutaji wa taarifa. Mwaka 2004 akatoa kitabu kuhusu jometri ya utafutaji wa taarifa, akitumia nafasi ya Hilbert, kanuni ya Born na nadharia ya Gleason. Hoja yake ilikuwa kwamba mitambo tayari ina mishale, ina mihimili na ina pembe. Kilichokosekana ni kukubali kwamba kufaa kwa makala hakukai ndani ya makala kukingoja kuokotwa. Kunatokea mtu anapoitazama, na kumtazamisha makala moja kunambadilisha anavyoitazama ya pili.

Wengine walileta matunda ya kushikika. Mwaka 2003 Dominic Widdows alichukua wazo la Birkhoff na von Neumann kuhusu neno "si". Neno la Kiingereza "suit" lina maana ya vazi na pia kesi ya mahakamani. Mtambo wa kawaida ukiambiwa uondoe kesi hufuta kila makala yenye neno hilo. Widdows aliondoa kutoka katika mshale wa "suit" kivuli chake chote kilichoangukia upande wa kesi, na majirani wa mshale uliobaki wakawa majina ya mavazi. Mwaka 2009 Guido Zuccon, Leif Azzopardi na van Rijsbergen walipendekeza kanuni ya upangaji ambayo makala zinaingiliana kama mawimbi, ili mtambo usirundike makala kumi zinazosema jambo lilelile. Na mwaka 2013 Alessandro Sordoni, Jian-Yun Nie na Yoshua Bengio walijenga modeli ya lugha iliyotumia matriki za von Neumann kueleza maneno yanayotegemeana. Kuanzia 2017 Umoja wa Ulaya uligharimia mpango wa QUARTZ wa kuwafunda watafiti vijana katika fani hii.

Hata hivyo, viwanda vilipita njia nyingine. Mwaka huohuo wa 2013 Tomas Mikolov na wenzake wa Google walitoa word2vec, zana ya kugeuza maneno kuwa vekta, na katika miaka iliyofuata dunia ya utafutaji ilijaa vekta. Vekta hizo zilifunzwa kwa data nyingi na mashine zenye nguvu, bila kanuni ya Born. Mishale ilishinda, lakini hesabu ya zamu haikuingia nayo.

Madeni

Fani hii ina madeni matatu, na haifai kuyafunika.

La kwanza ni la jina. Neno kwanta lina mvuto, na wengi hulichanganya na dai la mwanafizikia Roger Penrose la mwaka 1989 kwamba fahamu hutokana na fizikia ya kwanta ndani ya ubongo. Dai hilo ni jingine kabisa, na mwaka 2000 mwanafizikia Max Tegmark alikadiria kwamba hali za kwanta ndani ya ubongo zingevurugika katika muda mfupi mno kulinganisha na kasi ya fikra. Mlinganyo wa Wang na Busemeyer hautegemei hilo hata kidogo. Mbaya zaidi ni biashara. Katika miji yetu zipo mashine zinazoitwa za kwanta zinazodaiwa kusoma magonjwa yote kwa kushikwa mkononi. Hakuna jambo lolote katika historia hii linaloziunga mkono.

La pili ni la ndani ya nadharia. Muulize mtu kuhusu Clinton, kisha Gore, kisha Clinton tena. Aghalabu atarudia jibu lake la kwanza. Lakini vivuli vilivyotoa athari ya zamu vinadai kwamba jibu la kwanza liwe limelegezwa na swali la pili. Mwaka 2014 Khrennikov, Irina Basieva, Ehtibar Dzhafarov na Busemeyer mwenyewe waliandika kwamba modeli za kawaida za kwanta haziwezi kubeba mambo hayo mawili kwa pamoja. Masanao Ozawa na Khrennikov baadaye walionyesha kwamba vipimo vya kwanta vya jumla zaidi vinaweza, lakini urahisi wa mshale na kivuli unapungua.

La tatu ni la upekee. Mwaka 2018 David Kellen, Henrik Singmann na William Batchelder walionyesha kwamba modeli za uwezekano wa kawaida, zikiundwa kwa uangalifu, nazo zinaweza kutoa ule mlinganyo wa watofautishaji. Kwa hiyo mlinganyo kusimama si ushahidi kwamba hakuna njia nyingine. Ni ushahidi kwamba njia ya kwanta iliutabiri mapema, wakati nyingine zilihitaji kurekebishwa ili ziufikie.

Hukumu

Tukiipima safari hii, kilichovuka kutoka fizikia kwenda saikolojia si atomu wala siri ya fahamu. Ni kanuni moja ya hesabu: kupima ni kubadili, kwa hiyo zamu ni sehemu ya jibu. Kanuni hiyo imefaulu mtihani mmoja mgumu katika kura za maoni, imetoa maelezo ya pamoja kwa vioja vilivyokuwa vimetawanyika, na katika utafutaji wa taarifa imetoa mawazo mazuri ambayo bado hayajawashinda washindani wake sokoni. Anayeiita mapinduzi anatia chumvi. Anayeiita mzaha hajausoma ule mlinganyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, faida yake haihitaji nafasi ya Hilbert. Tafiti za maoni hufanyika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na asilimia zake hugeuka vichwa vya habari siku hiyohiyo. Kila utafiti unapotangazwa, tuulize swali lipi lilitangulia. Wenye kuandaa madodoso wachapishe mfuatano wote wa maswali yao, wagawe wahojiwa katika zamu mbili pale maswali yanapogusana, na watoe takwimu za kila zamu peke yake badala ya kuzichanganya. Gallup walifanya hivyo mwaka 1997, ndiyo maana miaka kumi na saba baadaye nadharia mpya ilipata mahali pa kupimwa.